Kuwatoa watoto nje na kuwarudisha wote: mwongozo kamili wa masomo ya ufuoni, mikokoni na msituni, Malindi

Mwaka wa kwanza nilipowapeleka watoto Mida, mkondo wa bahari wenye mikoko, walikuwa 34. Wakati wa kurudi nilisimama mlangoni mwa basi, nikahesabu vichwa kwa kidole hadi 34, nikamwambia dereva twende. Hatujafika barabara ya lami, msichana wa kiti cha nyuma akaita, "Mwalimu, mwenzangu hayupo." Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba nimeshahesabu. Akashikilia neno lake. Tukahesabu tena: 34. Ndipo macho yangu yakatua kwa mtoto nisiyemjua, mwenyeji wa palepale kijijini, ameketi kimya katikati ya wenzake, anafurahia lifti. Wetu tulimkuta bado kando ya kidimbwi, anaosha matope kwenye raba zake kwa sababu mamake alimwonya asirudi na viatu vichafu.

Hakudhurika. Lakini hesabu yangu ilikuwa sawa na bado mtoto alikuwa ameachwa, na jambo hilo lilininyima usingizi kuliko ajali nyingine yoyote ndogo niliyowahi kuiona. Mengi yaliyomo humu yalianza siku ile.

Nawaandikia walimu, maustadhi wa madrasa, viongozi wa skauti na wazazi wanaojitolea, walio na watoto wa kati ya miaka 6 na 13. Sikuandika ili watoto wafungiwe darasani. Mtoto akirudi na goti lililochubuka siiti ajali. Naita ajali lile ambalo mtu mzima mwenye macho angeliona mapema.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa maji, basi litafuata

Shule nyingi hupanga safari kwa siku ambayo basi lipo. Ukiwa unakwenda mwambani au mkondoni, anza na maji.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya jedwali tayari: bamvua huangukia siku za mwanzo wa mwezi na siku za katikati, kama tarehe 15 hadi 17, maji mafu huwa karibu na tarehe 8 na 9, na tena 22 na 23.

Siku za bamvua, hapa kwetu maji hupwa hadi chini kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri, saa kumi au saa kumi na moja. Hii ni bahati kubwa kwa mwalimu. Asubuhi mwamba uko wazi, jua halijachoma, na wewe na watoto mnayafuata maji yanayotoka. Kanuni yangu ni moja: ingia maji yakitoka, toka kabla hayajageuka. Kama maji yatafika chini saa 4:40, watoto wanaingia mwambani saa 3:00 na wanakuwa mchangani saa 4:20. Hata somo likiwa tamu. Hata pweza akionekana.

Wengine huniuliza kwa nini niwe na haraka hivyo, na maji yenyewe hupanda polepole. Hupanda polepole mwanzoni tu. Wazee wa bahari hugawa mwendo wa maji mafungu 12: saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua yenye tofauti ya mita 3 huleta sentimita 75 ndani ya saa ya tatu peke yake, na hizo zinampita mtoto wa darasa la kwanza kitovuni. Tena maji hayaji kwa mbele unakotazama. Hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na ufuo, hivi kwamba unapogutuka, njia ya kurudi imeshakuwa ndefu na ya maji.

Majedwali ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, yapo na programu za simu zipo. Zitazame, kisha muulize mvuvi asubuhi ileile. "Shikamoo mzee, leo maji yageuka saa ngapi?" "Marahaba. Saa tano kasorobo, mwanangu, lakini kuna upepo, watoe mapema." Simu haikukuambia habari za upepo. Ndani ya mkondo wa Mida maji huchelewa nyuma ya bahari ya nje, na anayejua kwa kiasi gani ni anayetega samaki pale kila siku.

Majira nayo yana neno. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa na adabu zaidi. Kusi ikishika, tangu Aprili, mawimbi ni makubwa, na mvua za masika huleta matope ya mto Sabaki baharini hadi maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mtoto asipoiona miguu yake majini, haingii. Siku hiyo mpeleke msituni, au mkae mchangani mchore.

Hatua ya 2: Tangulia mwenyewe

Nenda siku chache kabla, saa ileile utakayokwenda na watoto, na utembee kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Utashangaa: njia ya dakika kumi huwa dakika ishirini na tano.

Tazama kivuli kiko wapi, choo kiko wapi, gari linafika hadi wapi, mtandao wa simu unakatikia wapi. Kutoka pale mpaka hospitali pima kwa saa ya mkononi, usikisie. Ukifika hospitali uliza swali moja la wazi: mna dawa ya sumu ya nyoka leo? Si kila kituo kinayo, na wakati wa kuuliza si ule mtoto ameshaumwa. Upande wa Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambacho watu wa eneo hili hukitegemea kwa ushauri wa nyoka. Weka namba yao kwenye karatasi yako.

Vibali navyo vishughulikie mapema. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, iko chini ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Magofu ya Gede, mji wa kale, yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mida na kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke wapo waongozaji wenyeji, na nakusihi uwalipe mmoja hata kama unadhani unapajua mahali. Nimezaliwa hapa na bado nawalipa.

Hatua ya 3: Karatasi ya mzazi

Usiandike "Je, mtoto ana ugonjwa wowote?" Mzazi ataandika "hapana" na kutia sahihi, hasa akiogopa mtoto ataachwa. Uliza mambo yanayojibika: Anameza dawa gani kila siku? Mwaka huu amelazwa hospitali? Amewahi kuanguka akapoteza fahamu? Nyuki akimuuma, huvimba palepale au uso mzima?

Magonjwa matatu yanahitaji umakini hapa kwetu. Pumu: inhela iwe mfukoni mwa mtu mzima anayetembea na mtoto huyo, isiachwe garini. Selimundu, ugonjwa wa seli za damu zenye umbo la mundu, ambayo katika kaunti ya Kilifi ina watoto wengi: mtoto huyo anywe maji mara kwa mara hata kama hana kiu, asikae na nguo zilizolowa upeponi, asikimbizwe juani, baridi na ukavu ndivyo vinavyomwamshia maumivu. Na kifafa. Hiki wazazi hukificha kwa sababu majirani watasema ana mashetani. Mfuate mama nyumbani, zungumzeni nyinyi wawili, na umwambie wazi kwamba hutamwacha mtoto. Kisha usimwache: anakwenda na mtu mzima wake, na majini hapiti magoti wala haondoki kwenye urefu wa mkono wa mtu huyo.

Kuhusu kuogelea, swali hilo nimeliondoa. Kila mzazi wa pwani husema mwanawe anajua, maana itakuwaje mtoto wa Malindi asijue maji! Wahesabu wote kuwa hawajui.

Hatua ya 4: Watu wazima na kazi zao

Kipimo changu ni mtu mzima mmoja kwa watoto 5 penye maji, na mmoja kwa 8 nchi kavu, na kamwe tusipungue watu wazima watatu: mmoja akimkimbiza mgonjwa hospitali, wawili wabaki.

Idadi hiyo haitakusaidia ikiwa wote wanafanya kazi moja. Mmoja anatangulia na hakuna anayempita. Mmoja yuko mkiani na hakuna anayebaki nyuma yake. Na penye maji kuna wa tatu, mlinzi, ambaye hafundishi, hapigi picha, hashiki simu, hajibu maswali ya kaa. Anatazama vichwa tu. Baada ya kila dakika 20 anabadilishwa, kwa sababu macho huchoka na mng'ao wa maji huyalewesha. Mwalimu anayefundisha hawezi kulinda. Ameinama anaonyesha konokono, na darasa zima lililo nyuma yake halioni.

Sasa hesabu. Kila mtoto ana mwenza wa siku nzima, na majina ya wenza wawili wawili yako kwenye karatasi. Hatuhesabu vichwa. Tunaita jina, na anayejibu ni mwenza: ukiita Fatuma, Kahindi ndiye anayesema "Yupo!" huku amemshika mkono. Mtoto wa kijijini hawezi kujaza nafasi ya asiyekuwepo, na mtoto hawezi kujibiwa na rafiki anayemfanyia mzaha, maana mkono unaonekana.

Fanyeni hivyo mkishuka garini, kabla ya maji, baada ya maji, baada ya kula, na kabla ya kupanda. Watoto hawapotei katikati ya somo. Wanapotea wakati wa kuvaa viatu, wa kwenda haja, wa kugawana mahamri. Yaani pale watu wazima wanapodhani kazi imekwisha.

Hatua ya 5: Mkoba na mavazi

Nabeba chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto, na ndani yake ni maji ya moto matupu. Wenzangu hunicheka hadi siku mtu akanyage mwiba wa samaki. Pamoja nayo: siki nusu lita, bendeji pana za kuvutika tano au sita, kibano, glavu, sabuni, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji, kipenga, leso mbili, simu mbili za mitandao tofauti, na orodha ya majina na namba za wazazi kwenye karatasi iliyotiwa mfuko wa plastiki. Leso ina kazi zaidi ya vyote: kivuli, kitanzi cha kubebea mkono uliovunjika, pazia la msichana kubadilisha nguo, na mbili zikishikwa pembe na watu wazima wanne humbeba mtoto.

Kwa maji naongeza jerikeni tupu la lita 5, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita 15. Hilo ndilo boya langu. Mkipanda mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, limefungwa; mshike mabegani mwa jaketi na umvute juu, likimpita masikio ni kubwa mno. Nahodha akikosa majaketi ya watoto, safari ya mashua haipo, hata kama ni binamu yako.

Maji ya kunywa: lita moja kila mtoto kwa nusu siku, na jerikeni la akiba garini.

Viatu ni raba zilizofungwa kamba. Ndara hubaki kwenye tope hatua ya kwanza. Kofia kila mtu. Sare nyingi ni za samawati au kijani, rangi ambazo majini hupotea kabisa. Waombe wazazi fulana ya rangi ya chungwa au nyekundu, au wafunge vitambaa vya rangi hizo. Wasichana wanaovaa buibui na sketi ndefu wasilazimishwe kuzivua wala wasiingie nazo majini. Suruali nyepesi, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliobanwa kichwani hutosheleza heshima na usalama, ila mzazi ajue wiki moja kabla ili asishtukizwe.

Hatua ya 6: Kipenga kabla ya safari

Siku moja kabla, uwanjani, chezeni mchezo. Mlio mmoja: ganda kama mti. Miwili: mshike mwenza. Mitatu mirefu: tokeni majini, somo limekatwa, hakuna kuuliza. Rudieni mpaka wawe wanacheka na kuganda kwa pamoja. Usipoifanya uwanjani, ufuoni watadhani unapuliza kwa furaha.

Kanuni za mdomoni zisizidi tatu. Zangu ni hizi: mikono haiingii tundu lolote; hatuokoti kitu kilicho hai wala ganda lolote; mwenza akinyamaza ghafla, mwite mtu mzima. Umwambie mtoto mmoja azirudie mbele ya wenzake kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka jana mmoja alisema, "Tundu lina mwenyewe." Ameniharibia kanuni yangu, maana siku hizi natumia yake.

Hatua ya 7: Mahali penyewe

*Mwambani.* Anayeumiza wengi ni yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayejaa kwenye mashimo ya mwamba, na raba husaidia kuzuia kesi hizo. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani, mkia nyuma, kwa hiyo wafundishe watoto kukokota miguu badala ya kuinua na kukanyaga. Taa akisikia mchanga unatikisika huondoka. Wapo samaki wanaofanana na jiwe lenye kuvu, miiba ya mgongoni ina sumu kali, na huwezi kuwaona hata ukionyeshwa. Na wapo konokono wenye magamba mazuri yenye umbo la koni, madoadoa kama yamechorwa kwa kalamu. Mtoto yeyote atataka kuokota. Ndani mna mnyama anayerusha mwiba wenye sumu, na jamii moja imewahi kuua watu wazima. Ndiyo maana sisemi "msiokote koni". Nasema msiokote ganda lolote, na katika hifadhi ni sheria pia.

Kaa mbali na milango ya mwamba. Maji yote yaliyoingia ndani hutokea hapo, na mtoto hawezi kushindana na mkondo huo.

*Mikokoni.* Hapa ndipo napapenda zaidi, na watoto pia. Mizizi ya mchu inachomoza kutoka kwenye tope kama penseli zilizosimamishwa. Ukianguka juu yake bila kiatu utajua. Mizizi ya mkoko imevaa chaza wenye makali ya wembe, kwa hiyo hakuna kushikilia mizizi unapoteleza: keti chini kwenye tope, ndiyo njia salama na ndiyo inayowachekesha zaidi. Mtoto akizama hadi magotini asivutwe mikono. Aegemee nyuma, atikise mguu taratibu ili maji yaingie pembeni mwake, atoke kwa kutambaa. Kwenye daraja la mbao linaloning'inia waende wachache kwa zamu, na mwongozaji atangulie kukagua mbao.

Njooni kati ya Oktoba na Machi ikiwezekana, ndege wahamao wanapokuwa wametua kwa wingi.

*Msituni na Gede.* Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420 na bado ina ndovu. Huingii na watoto bila mwongozaji, na mnakwenda mstari mmoja, katikati ya njia, mikono nje ya vichaka. Nyoka wengi watakuwa wameondoka mkifika, kwa sababu ya kelele za miguu. Hatari ni kifutu, ambaye hukaa tu palepale, rangi ya majani makavu. Kwa hiyo hatukanyagi gogo na kuruka: tunapanda juu, tunatazama ng'ambo, ndipo tunashuka. Upupu unapokauka, manyoya yake husafiri na upepo. Mtoto akianza kujikuna kama mwendawazimu, usimsugue. Bandika plasta ya kunata juu ya ngozi na kuibandua, itaondoka na manyoya, kisha osha kwa sabuni. Nyuki wakichafuka hakuna kujikunyata: kimbieni moja kwa moja hadi garini, mmefunika nyuso.

Gede ina kima waliozoea wageni. Chakula kibaki garini, kwani mtoto anayeng'ang'ania mkate wake na kima ndiye atakayeumwa. Kuna na visima vya zamani, vingine virefu sana, na watoto wana hamu ya kuchungulia na kutupa mawe. Mtu mzima asimame kando ya kila kisima kabla watoto hawajafika.

*Mdomo wa Sabaki.* Ndege ni wengi mno. Viboko na mamba nao wapo. Tunatazamia juu ya vilima vya mchanga, kwa darubini, na hatushuki ukingoni. Hakuna la kujadili.

Hatua ya 8: Likitokea

*Kuzama.* Mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma chini kana kwamba anapanda ngazi, na anakutazama bila kukuona. Inachukua muda mfupi kuliko kuisoma aya hii. Rusha jerikeni, nyoosha mti, vuta kamba. Kuingia mwenyewe ni jambo la mwisho, na uingie na kitu kinachoelea. Ukimtoa na hapumui, mpe pumzi 5 kwanza, mdomo kwa mdomo, kisha kandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kusita, hadi apate nafuu au msaada ufike. Usimning'inize miguu juu kutoa maji, mila hiyo inapoteza dakika. Hata akizinduka na kucheka, anakwenda hospitali.

*Miiba ya samaki na taa.* Hapa ndipo chupa ya chai inapolipa. Changanya maji hadi yawe ya moto ambao mkono wako wewe mtu mzima unavumilia bila kuungua, karibu nyuzi 45, na uutumbukize mguu kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza yakipoa. Usipime kwa mguu wa mtoto. Maumivu yatamfanya asihisi kama anaungua. Mwiba uliozama ndani uache, hospitali wataushughulikia.

*Yavuyavu, wale wanyama laini wa baharini wenye nyuzi zinazochoma.* Mwagia siki, ondoa nyuzi kwa kibano, kisha maji ya moto kama hapo juu. Usisugue kwa mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba, na ule mkojo wanaousema vijana wa ufuoni uachwe kabisa. Akishindwa kupumua, hakuna matibabu ya ufuoni tena, ni gari.

*Nyoka.* Mlaze, mtulize, vua pete, bangili na kiatu kabla hajavimba, funga mguu kwenye ubao au kwenye mguu mwenzake usicheze, mbebe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze nusu saa ukimtafuta mwenye jiwe jeusi la kubandika penye jeraha. Najua jiwe hilo lina heshima katika nyumba nyingi hapa na sitaki ugomvi na mzee wa mtu, ila halitoi sumu mwilini. Nyoka asifukuzwe wala asiuawe. Kama alionekana, eleza rangi na urefu. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.

*Jua.* Mtoto anayelalamika kichwa, ametulia mno, au ametapika: kivulini, nguo zilegezwe, maji mwilini na upepo wa leso, anywe kidogo kidogo. Ukikosa pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Akianza kuongea ovyo au kuzimia, mmwagie maji mwili mzima huku gari likiwashwa.

Namba za kukariri ni 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Hatua ya 9: Watu

Nimeandika habari za nyoka kwa urefu na jambo hili nitalisema kwa ufupi, ijapokuwa ndilo zito zaidi. Mji wetu una wageni wengi, na wengi wao ni watu wema. Lakini hakuna mgeni wala mwenyeji anayewapiga watoto picha bila ruhusa yako, anayegawa pipi au pesa, anayemtenga mtoto mmoja kumwonyesha kitu. Kataa kwa tabasamu na usimame kati. Kanuni inatuhusu nasi pia: hakuna mtu mzima wa msafara anayekwenda peke yake na mtoto mmoja, iwe chooni au garini, wanakwenda wenza wawili, wengine wakiwaona. Picha za watoto hazipandishwi mitandaoni zikiwa na jina la shule na mahali mlipo. Jambo likikutia wasiwasi, namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Hatua ya 10: Kurudi

Ondokeni mapema kiasi cha kufika kabla ya magharibi, na mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye karatasi. Bodaboda anayesema ametumwa na mamake hatoshi mpaka umpigie mama.

Usiku huohuo andika kwenye daftari mambo yaliyokaribia kutokea. Yaliyotokea utayakumbuka bila daftari. Langu lina mistari kama hii: "Mlinzi alijibu simu." "Kivuli kiliisha saa sita." "Kamba ilikuwa chini ya mikoba."

Na mstari wa zamani kuliko yote unahusu raba. Tangu siku ile Mida, nabeba ndoo mbili na brashi ya kufulia. Kabla ya majina kuitwa, wote wanakaa chini kwenye mduara, wenza kwa wenza, wanaoshana viatu.